Giaboksi ya gari la turbo: ushauri wa gazeti utawaumiza vijana

Ndugu Mhariri,

Katika toleo lenu la Jumamosi, ukurasa wa magari, mwandishi wenu amewashauri vijana wenye magari ya turbo wanaojiandaa kwa mbio za dragi wang'oe giaboksi za otomatiki na kufunga za manyuali. Akaongeza kwamba asiyeweza kuachana na otomatiki basi aagize Powerglide, giaboksi ya otomatiki ya Chevrolet, kutoka Marekani, kwa kuwa ndiyo inayofungwa kwenye magari yenye kasi kuliko yote. Naomba nafasi nimjibu. Tangu gazeti litoke, vijana wanakuja karakana na ukurasa ule kwenye simu, na mmoja wao alikuwa ameshatuma malipo ya awali. Hizo ni fedha za mtu ambaye gari hilohilo ndilo linalompeleka kazini Jumatatu, na ndiyo maana nimeona nisinyamaze.

Mimi ni fundi wa giaboksi za otomatiki hapa Gerezani, Dar es Salaam. Kabla ya kurudi nyumbani nilikuwa Sharjah, kwenye yale maeneo ya viwanda ambako ukitoka karakana moja unaingia nyingine. Kule gari la mashindano mara nyingi ni Nissan Patrol yenye injini ya TB48, silinda sita, lita 4.8, na turbo kubwa ubavuni. Leo liko mchangani linapanda vilima, wiki ijayo liko kwenye lami ya Yas Marina, Abu Dhabi. Giaboksi za Kimarekani nilizifungua na kuzifunga huko, na nazipenda. Siandiki kwa kuichukia Powerglide.

Nianze na manyuali. Turbo, ile feni inayoshindilia hewa zaidi ndani ya injini, inazungushwa na moshi wa injini, na moshi wa kutosha unatoka pale tu injini inapokuwa na mzigo. Dereva wa manyuali akibadilisha gia anaachia mafuta, anakanyaga klachi, anaingiza gia, anaachia klachi, anakanyaga mafuta upya. Hata awe na mguu mwepesi kiasi gani, katika kipindi hicho injini haina mzigo, moshi umepungua na presha ya turbo imeshuka. Inabidi ipande tena huku mita zinakwisha, na dragi yenyewe ni robo maili tu, yaani mita 402, au nusu yake. Otomatiki inabadilisha gia mguu ukiwa chini muda wote. Klachi moja ya ndani inaachia wakati nyingine inakamata, injini haipati nafasi ya kupumua, na presha inabaki palepale.

Faida kubwa zaidi iko kwenye mstari wa kuanzia. Gari la manyuali likiwa limesimama na klachi imekanyagwa, injini inazunguka bure, hata ukivuta resi mpaka mwisho. Ili turbo kubwa iamke hapo, mafundi wa kompyuta za injini hulazimika kuchelewesha moto wa plagi, mafuta yaungulie kwenye ekzosi, ndiyo ile milipuko mnayoisikia. Kwenye otomatiki kuna konveta. Injini inasukuma oili, oili inasukuma upande wa giaboksi ambao umezuiwa, na injini inapata mzigo wa kweli wakati gari halijasogea hata inchi. Turbo inaanza kupiga mluzi kabla taa ya kijani haijawaka. Juu ya hayo, konveta ikiwa katika hali hiyo inaongeza nguvu ya mzunguko inayofika kwenye giaboksi, karibu mara mbili, na nyongeza hiyo inapungua kadiri gari linavyoshika mwendo. Hakuna klachi ya manyuali inayoweza kufanya hivyo. Na kwa sababu nguvu inapitia kwenye oili, ekseli na difu hazipigwi kwa mshtuko mmoja.

Mwandishi alisema otomatiki inakula nguvu. Ni kweli, konveta inapoteza nguvu na nguvu hiyo inageuka joto. Kwa gari lisilo na turbo, lenye injini ndogo, hoja yake ina uzito na mimi mwenyewe ningemshauri mtu abaki na manyuali. Lakini yeye alikuwa anazungumzia magari ya turbo.

Sasa Powerglide. Chevrolet waliianza mwaka 1950 na wakaiacha 1973. Ina gia mbili tu za kwenda mbele: ya kwanza ni 1.76 (injini inazunguka mara 1.76 propela ikizunguka mara moja; namba ikiwa kubwa gia ni nzito) au 1.82 kutegemea injini iliyotoka nayo, na ya pili ni 1.00. Inapendwa kwenye dragi kwa sababu ni nyepesi, ndani yake hakuna vitu vingi vya kuzungusha bure, na dereva anabadilisha gia mara moja tu mpaka mwisho wa njia. Gari jepesi lenye nguvu za kutisha linaihitaji hasa kwa sababu gia yake ya kwanza si nzito: ukiliwekea gari kama hilo gia nzito, tairi zitazunguka palepale.

Angalia sasa magari yetu. Gari la kijana wa Dar ni Mark II, Chaser, Verossa au Crown Athlete lenye injini ya turbo ya Toyota, 1JZ-GTE, lita 2.5. Hata likishabadilishwa turbo, bado lina viti vyote, milango yote, na uzito wake unakaribia kilo 1,500. Tuseme difu yake ni 3.7. Kwa giaboksi yake ya Toyota, ambayo gia ya kwanza ni 2.804, tairi zinapata nguvu ya injini ikiwa imezidishwa mara 10.4 hivi. Kwa Powerglide ya 1.76 zinapata mara 6.5. Injini ya lita 2.5 ambayo turbo yake bado haijaamka itasukuma kilo 1,500 kwa mara 6.5, na hapo ndipo mbio zinapotea, ndani ya mita za kwanza. Mmarekani mwenye injini ya V8 ya lita sita au saba haoni tatizo hilo, kwa sababu injini yake ina nguvu hata turbo ikiwa imelala.

Kwa hiyo swali la giaboksi ipi linajibiwa na gari lenyewe: uzito wake, ukubwa wa injini, tairi, turbo inaamka kwenye resi ngapi (mizunguko ya injini kwa dakika), na kama litarudi nyumbani kwa magurudumu yake au juu ya lori. Kijana akija kwangu na jina la giaboksi mdomoni kabla ya kunijibu hayo, namwambia, "Mdogo wangu, kaa kwanza tuzungumze gari."

Kwa wengi wao jibu langu ni kwamba giaboksi unayoihitaji tayari iko chini ya gari lako. Mengi ya magari hayo ya 1JZ yalitoka Japani na otomatiki ya jamii ya A340, kazi ya kampuni ya Aisin, jamii ileile ambayo Toyota waliifunga kwenye Supra yenye injini ya 2JZ-GTE. Ina gia nne: 2.804, 1.531, 1.000 na 0.705. Ni kweli pengo kati ya ya kwanza na ya pili ni pana, resi zinaanguka sana pale, lakini konveta iliyochaguliwa vizuri inazidaka. Ikijengwa upya kwa pleti bora na vavu bodi (ile sehemu inayogawa oili kwenda kwenye klachi za ndani) iliyorekebishwa, naiamini kwa nguvu za farasi 450 mpaka 550 bila wasiwasi. Spea zake zinapatikana, na fundi yeyote wa otomatiki aliyeiva anaijua.

Ina udhaifu wake na ni vizuri mwenye gari aujue. Seti ya gia ya overdraivu, yaani gia ya nne ya kushusha resi safarini, kwenye A340 imewekwa mbele, karibu na konveta, siyo nyuma. Maana yake ni kwamba nguvu yote ya injini, ukiwa gia ya kwanza, ya pili au ya tatu, lazima ipite kwenye klachi moja ndogo inayoitwa C0 na beringi ya kushikia upande mmoja iliyo pamoja nayo. Hiyo ndiyo inayokufa kwanza.

Hivi karibuni nililetewa moja kutoka kwenye Mark II ya zamani. Mwenyewe alilalamika kwamba gari "linateleza" gia ya tatu likipata presha. Nilipofungua sampo, lile bakuli la oili chini ya giaboksi, oili ilikuwa nyeusi na ina harufu ya kuungua inayokaa kwenye mikono hata ukinawa. Sumaku zile ndogo za kwenye sampo zilikuwa zimevaa uji mweusi mzito. Nikaishusha yote mezani. Pleti za klachi za nyuma zilikuwa nzuri, rangi yake bado ya udongo, unaona mistari ya kiwandani. Pleti za C0 zilikuwa chuma kitupu, na vile vyuma vya katikati yake vimegeuka bluu kwa joto. Klachi moja imeungua, nyingine zote nzima. Nikajua sababu iko nje ya giaboksi. Nikaenda kwenye gari kuangalia kebo ile inayotoka kwenye mafuta kwenda giaboksi, ambayo ndiyo inaiambia vavu bodi mguu umekanyaga kiasi gani ili iongeze presha ya oili. Karakana iliyofunga turbo mpya ilibadilisha pia mlango wa hewa wa injini, kisha ikairudisha kebo ikiwa imelegea. Mguu uko chini kabisa, injini inatoa nguvu zote, na giaboksi inadhani dereva anatembea polepole foleni ya Buguruni. Presha ya kubana pleti haitoshi, pleti zinateleza, zinaungua. Giaboksi haikuwa na kosa lolote. Mwandishi wenu angeiona gari ile angesema otomatiki haiwezi turbo.

Baada ya giaboksi kuna kitu ambacho makala haikukigusa hata kwa sentensi moja, nacho ndicho kinachoamua kila kitu: konveta. Kila konveta ina resi za stoli, yaani kiwango ambacho injini inaweza kupanda wakati gari limezuiwa lisitembee. Konveta ya kiwandani imetengenezwa kwa ajili ya mtu anayekwenda sokoni, stoli yake ni ya chini. Ukifunga turbo kubwa inayoamka kwenye resi 4,000 na ukaacha konveta hiyo, utasimama kwenye mstari, injini itakwama kwenye resi elfu mbili na kitu, turbo imelala, na ukiachia breki gari litaondoka kama halina turbo kabisa. Nimeona watu wakibadilisha turbo mara ya pili, na kompyuta pia, wakitafuta tatizo ambalo liko kwenye konveta.

Upande wa pili nao una hatari yake. Konveta yenye stoli ya juu mno inaamsha turbo vizuri, lakini haishiki. Gari likiwa mwisho wa njia injini inalia na mwendo hauongezeki, kwa sababu sehemu kubwa ya nguvu inabaki kuchemsha oili. Tena stoli iliyoandikwa kwenye karatasi ya muuzaji haibaki hivyo kwenye kila gari. Konveta moja ikifungwa kwenye injini yenye nguvu zaidi stoli yake inapanda, ikifungwa kwenye injini dhaifu inashuka. Ndiyo maana konveta inaagizwa mwisho, baada ya turbo kuchaguliwa na injini kujulikana, na anayeagiza ampe mtengenezaji habari zote: injini, turbo, uzito wa gari, difu, kimo cha tairi. Muuzaji asiyeuliza hayo, muache.

Kuna pia klachi ya ndani ya konveta, ile inayofunga ili kuokoa mafuta barabarani. Kwenye konveta ya kiwandani klachi hiyo ni ndogo, na haikuwekwa kwa ajili ya kubeba presha kamili ya turbo. Fundi wa kompyuta ahakikishe haifungi mguu ukiwa chini, isipokuwa konveta imejengwa upya kwa pleti kadhaa.

Tatizo jingine ni jinsi ya kulizuia gari kwenye mstari. Kwa breki za miguu, tairi za nyuma zitazishinda breki kabla turbo haijapata presha unayoitaka. Hapo inatakiwa breki ya giaboksi: ukibonyeza kitufe, vavu bodi inafunga gia ya kwanza na ya rivasi kwa pamoja, giaboksi inajizuia yenyewe, na ukiachia kitufe rivasi inaachia na gari linaruka. Powerglide na Turbo 400, giaboksi nyingine ya Kimarekani, zina vifaa hivyo tayari, vimezoeleka miaka mingi. Kwa A340 zipo karakana za nje zinazotengeneza vavu bodi ya namna hiyo, ila kijana ajue kwamba kila akitumia kitufe kile anaipa mshtuko mkubwa C0 niliyoieleza, na difu yake, na jointi za propela. Kwa anayeanza, naona afadhali ajifunze kwanza kwa breki za miguu na konveta sahihi.

Ikiwa gari limevuka zile farasi 550 za A340, mtu ameingia kwenye 2JZ ya lita 3.0 yenye turbo kubwa na anataka farasi 700 na zaidi, hapo nitamwambia aende Turbo 400. General Motors waliitoa kwenye magari ya mwaka 1964, wakaifunga mpaka kwenye magari mazito ya kazi. Gia zake ni 2.48, 1.48 na 1.00. Ukilinganisha, resi zinaanguka kidogo kuliko A340 unapotoka ya kwanza kwenda ya pili, na kwa turbo hiyo ni faida kubwa. Haihitaji kompyuta. Lakini inahitaji adapta ya kuifunga kwenye injini ya Toyota, propela mpya, viti vipya vya kuishikilia, na wakati mwingine kupanua bodi katikati.

Na haina overdraivu. Kwa difu ileile ya 3.7 na tairi za kawaida za inchi 16, ukienda Morogoro kwa kilomita 100 kwa saa injini iko kwenye resi 3,100 njia nzima, bila kuhesabu kuteleza kwa konveta, wakati A340 katika gia ya nne ingekuwa 2,200. Kwa gari la mashindano tu hilo si kitu. Kwa gari la kwendea kazini ni mafuta, kelele na joto kila siku. Mwenye kutaka nguvu za Turbo 400 pamoja na overdraivu ipo giaboksi ya 4L80E ya General Motors, ambayo kimsingi ni ndugu yake iliyoongezwa gia ya 0.75, ila ni nzito na inataka kompyuta yake.

Wanaoniuliza kuhusu ZF ya gia nane iliyoko kwenye BMW nawajibu kwa kifupi: ni giaboksi nzuri sana, na kwa turbo gia zake zilizokaribiana zinafaa mno, lakini bila mtu wa kuipanga kompyuta yake kwa ustadi utakuwa na chuma cha gharama kilichokaa sakafuni.

Joto la Dar halisamehe. Oili ya giaboksi ikivuka nyuzi 120 inaanza kuacha utando kwenye vavu, na kutoka hapo matatizo ni ya kusubiri tu. Rejeta ya gari peke yake haitoshi kuipoza kwenye gari la dragi linalosimama kwenye mstari huku konveta inachemka. Fungeni kipozeo cha pembeni chenye feni yake, na geji ya joto la oili ambayo dereva anaiona. Oili iwe ile iliyoandikwa kwenye stiki ya kupimia, siyo haidroliki yoyote iliyopo dukani. Ni vitu vya bei ndogo ukilinganisha na turbo, na ndivyo vijana wanavyoviruka.

La mwisho, Mhariri, ndilo linalonifanya nisipate raha nikiwaza makala ile. Mwandishi aliandika habari ya kasi ukurasa mzima bila neno moja la kinga. Konveta na sahani inayoishikilia kwenye injini zinazunguka kwa resi elfu saba karibu na miguu ya dereva. Zikipasuka, vipande vinapita kwenye bati la sakafu. Chama cha dragi cha Marekani, NHRA, kinalitaka gari la otomatiki linalomaliza robo maili chini ya sekunde 10 liwe na kinga ya giaboksi yenye cheti cha SFI 4.1 (SFI ni shirika la Marekani la viwango vya usalama wa vifaa vya mashindano) na sahani yenye cheti cha SFI 29.1. Kinataka pia swichi inayozuia injini kuwaka gari likiwa kwenye gia, na kizuizi kwenye mti wa gia ili mkono usiteleze ukaingiza rivasi kwa bahati mbaya. Magari yetu mengi hayajafika sekunde hizo, lakini swichi na kizuizi havihitaji kusubiri sekunde zozote, na hata stiki ya oili inapaswa kufungwa isichomoke, kwa sababu oili ikimwagika kwenye tairi ya nyuma dereva hana tena usukani.

Naomba mchapishe barua hii katika ukurasa uleule, na mwandishi wenu namkaribisha karakana siku yoyote ya kazi. Zile pleti za C0 nimezihifadhi. Aje azishike mwenyewe, nimwonyeshe kebo ilipokuwa, kisha aandike upya.

Wako,
Fundi wa giaboksi,
Gerezani, Dar es Salaam